Bomba Lielekee Barabarani

Lempi Ruonavaara alikuja dukani kwangu, hapa Calumet, mji wa theluji nyingi, akitaka mashine ya kurusha theluji yenye nguvu kuliko aliyonayo. Nilimwambia ukweli, maana sipendi kumlangua mtu.

"Mama, uwanja wenyewe ni kama kiganja. Ile ya zamani inakutosha."

"Ile hairushi hadi barabarani. Upepo unairudisha theluji."

"Si uelekeze bomba la kutemea theluji kwenye kibanda chenu cha kuogea mvuke, upepo ukusaidie? Au unataka kuirusha mpaka jimbo la Wisconsin?"

Hakucheka. Ndipo nikamkumbuka Reino, mumewe, nikajuta kufungua mdomo.

Sisi wote huku tukitoka kuoga mvuke hujilaza kwenye theluji tupoe, kisha huinuka tukicheka. Jioni moja Reino alijilaza kando ya kibanda, moyo ukasimama. Lempi, akidhani mumewe bado yumo ndani, alikuwa akimsafishia njia ya kurudi nyumbani, bomba limeelekea kule kule kibandani. Alimfukia kwa mkono wake, bila kumwona.

Nikamuuzia mashine kubwa kuliko zote.

Juzi nilipita kwake theluji ikimwagika. Alikuwa amesimama na mashine, bomba limeelekea barabarani. Kabla ya kuvuta kamba ya kuiwasha, aligeukia kibandani akaita, "Reino! Uko wapi?"

Akasubiri ajibiwe kwanza.

Nilipoondoka alikuwa bado ameishika ile kamba, theluji imemfika magotini.