Goti la Phibby

Kila asubuhi Bwana Gresham alifungua dirisha, shajara yake ya hali ya hewa mapajani, akimsubiri Shangazi Phibby apite na jembe.

"Phibby, goti linasemaje leo?"

"Linauma, bwana. Mvua hiyo inakuja."

Naye aliandika, akijisomea kwa sauti: "Mvua." Hapa Virginia miche ya tumbaku huhamishwa udongo ukilowa, kwa hiyo kila goti lilipotabiri mvua sisi watumwa wake tulipelekwa kushinda matopeni, migongo imepinda mpaka jioni. Siku ya tano mfululizo nikamnong'oneza, "Shangazi, si umdanganye hata leo tu?"

Dirisha likafunguliwa.

"Goti linasemaje?"

"Linasema limechoka, bwana."

Bwana akachovya kalamu kwenye wino, akaandika huku akijisomea: "Mawingu kiasi."