Gauni Lililoshonwa kwa Wimbo

Shangazi, fundi cherehani, alizoea kushona akiimba nyimbo za mwimbaji aliyempenda redioni, na miguu yake ikikanyaga pedeli kuzifuata. Siku moja mwimbaji mwenyewe akaingia kibandani, kashika gauni lililochanika mgongoni, na ana onyesho jioni hiyo hiyo. Shangazi akakaa kushona, lakini akaona haya kuimba mbele ya mwenye nyimbo, na bila wimbo miguu ikagoma.

"Fundi, vipi tena?"

"Dada yangu, miguu hii umeifundisha wewe. Hebu niimbie kidogo!"

Mwimbaji akacheka mpaka akashika mlango, kisha akaimba. Cherehani kikaitikia, mshono ukanyooka.

Jioni, jukwaani, akawageuzia watu mgongo makusudi. "Mnauona mshono huu? Nimeuimba mimi, kaushona fundi wangu!"

Kule nyuma kabisa, Shangazi akasimama juu ya kiti ili naye aonekane.