Kiranja Amemaliza Shule

Jina la Kiranja alipewa na wanafunzi wenzake wa kitengo maalumu, kwa sababu hakuna aliyeshika sheria kama yeye. Hakusimama bila ruhusa. Hakunywa maji bila ruhusa. Akitaka jambo alinyoosha mkono na kungoja mwalimu amwite, hata kama kungoja kwenyewe kungekula kipindi kizima. Kusoma na hesabu vilimshinda tangu utotoni, lakini kwa adabu alikuwa wa kwanza, na shangazi yake, aliyemlea binti huyo tangu baba yake alipofariki, alijivunia hilo waziwazi.

"Mimi wangu sijawahi kumwambia kitu mara mbili," aliwaambia wateja saluni, vidole vikiendelea kusuka.

"Basi nipe huyo," mteja mmoja alimjibu, "nami nikupe wangu watatu na nyongeza juu."

Walicheka. Shangazi naye alicheka, ingawa mwaka ule kicheko hakikumfika moyoni. Kiranja alikuwa ametimiza umri wa kuondoka shuleni. Mchana angekaa wapi? Saluni haikuwezekana; likizo moja alimpeleka, binti akashinda kwenye benchi akiwakodolea wateja macho, hadi mwenye saluni akamvuta shangazi pembeni na kumwambia kwa upole, "Dada, hapa ni mahali pa biashara." Nyumbani kulikuwa na chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji, ua wa wote, na wanaume wasio na kazi wakishinda kwenye ngazi. Msichana wa miaka ishirini anayemtii kila mtu mzima. Shangazi hakuhitaji kuchorewa picha.

Mwalimu wa kitengo ndiye aliyekuwa na jibu. Shule ilitakiwa kumtafutia kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mahali pa kwenda baada ya masomo, na Kiranja alipatiwa majaribio ya wiki mbili kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kazi ni kukunja mashuka. Akifaa, anaajiriwa.

"Atafaa," mwalimu alisema. "Ile mikono ni dhahabu."

Wiki ya kwanza ilipoisha, msimamizi wa ufuaji alimwita shangazi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kupambana na mashine.

"Mama, mikono yake haina tatizo. Tazama." Alimwonyesha rundo la mashuka, pembe juu ya pembe, kama yametoka dukani. "Tatizo ni kungoja. Rundo likiisha, ananyoosha mkono. Akiona doa, mkono juu. Anasimama hivyo hivyo, na mashine inaendelea kutapika mashuka hadi yanafika chini. Nani atamwona kwenye kelele hii?"

"Nitasema naye."

"Na Jumatano alijikojolea hapa hapa. Alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Wote tulikuwa tumempa mgongo."

Shangazi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia shuleni, akamkuta mwalimu akifuta ubao, akamweleza. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho bila kuweka dasta chini.

"Ningefanyaje, mama? Nina watoto zaidi ya ishirini, mimi peke yangu. Mmoja akitoka bila kusema, yuko barabarani. Nimewafundisha kuomba ruhusa ili wawe hai."

Mwisho wa wiki ile shangazi aliweka kikapu cha nguo kitandani, akaanza somo jipya.

"Ukimaliza moja, chukua nyingine. Usiulize."

"Ndiyo, shangazi." Binti alikunja gauni, akalilaza, akanyoosha mkono. "Nichukue sasa?"

"Mwanangu, nimesema usiulize! Chukua tu. Chochote kilicho mbele yako, kunja."

Jumapili jioni mkono ulikuwa umekoma kunyooka. Shangazi alimbusu kwenye paji la uso.

Jumatatu Kiranja alimaliza rundo lake, akageuka, akaona mbele yake toroli lililojaa, akaendelea. Lilikuwa toroli la mashuka machafu kutoka wodi ya upasuaji. Aliyakunja vizuri, damu ikiwa ndani, akayapanga juu ya yale safi. Yaligunduliwa wodini, wakati muuguzi alipokuwa akitandika.

"Sina budi, mama," msimamizi alisema kwenye simu. Safari hii hakupaza sauti. "Hii ni hospitali."

Mwalimu aliahidi kuulizia kwingine. Shule ilifungwa kwa likizo, naye akahamishwa. Siku za mwanzo shangazi alimwacha binti chumbani na chakula kwenye hotpoti, akimsihi asitoke.

Siku moja alirudi mapema, akakuta chumba kitupu. Alimkuta kwa mpangaji wa chumba cha mwisho, amepiga magoti, anafua mashati kwenye beseni. Mwanamume alikuwa ameketi kitandani, kifua wazi. Mlango ulikuwa umerudishiwa.

"Amenisaidia tu, dada. Mbona unapandisha hasira?"

Shangazi alimshika binti mkono, akamtoa nje.

"Kwa nini umeingia mle?"

"Aliniambia njoo."

"Na mimi nilikuambia nini?"

"Nisitoke." Kiranja alifikiri kwa bidii, uso umejikunja. "Lakini yeye aliniambia baadaye."

Kesho yake asubuhi shangazi alimleta fundi seremala. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye penseli sikioni. Aliupima mlango na kutoa komeo mfukoni.

"Wezi, eh? Mtaa huu umeharibika. Nalifunga kwa ndani, au siyo?"

"Kwa nje."

Fundi alimtazama, kisha akamtazama binti aliyesimama kando ya kitanda. Alipiga goti, akaanza kutoboa.

"Nishikie hizi skrubu," alimwambia Kiranja, "uwe unanipa moja moja."

Kiranja alizipokea kwa viganja viwili, akampa moja moja, hadi zote zikaisha.