Njiwa wa Salvu, Mapafu ya Chensa

Chensa Bonnici hakuwahi kuingia kwenye banda la njiwa. Njiwa walikuwa wa mumewe, Salvu. Hapa mtaani kwetu Greystanes, Mmalta mwenye ua asiye na njiwa wa mashindano huonekana kama mgonjwa. Kazi ya Chensa ilikuwa kumpikia, kumfulia na kumcheka.

"Ukifa nitakuzika humo tunduni," alikuwa akimwambia, "maana kitandani kwangu hukai."

Mimi nimepakana nao uzio tangu tulipokuwa mabibi harusi. Kila Jumamosi Salvu alikwangua kinyesi bandani, akavua ovaroli yake mlangoni mwa chumba cha kufulia. Chensa aliikung'uta kwanza, lile vumbi jeupe la manyoya likatimka, ndipo akaitia kwenye mashine.

Kikohozi kilimwingia taratibu. Kilikuwa kikavu, hakitoi kitu. Daktari wa mtaani alisema mafua, baadaye nimonia, mwishowe pumu, akampa dawa ya kuvuta ambayo haikumfaa kitu. Nguo zikaanza kumpwaya. Siku moja tukipanda ngazi za kanisa alisimama katikati.

"Shoga, umezeeka kabla yangu," nikamtania.

Akanishika mkono. "Ngoja nipate pumzi kwanza, ndipo nikutukane."

Kisha dada yake wa Melbourne alimwalika kwenye ubatizo, akakaa huko mpaka akachokwa. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na rangi usoni, na ngazi alizipanda akiongea. Tukasema ni hewa ya huko. Jumamosi ile alikung'uta ovaroli ya mumewe kama kawaida, na kabla jioni haijaingia alikuwa chini ya blanketi, anatetemeka, mwili unawaka, kifua kimembana. Salvu akampeleka hospitali, nami nikafuata.

Daktari wa mapafu, mwanamke mpole aitwaye Ranasinghe, alimsikiliza mgongoni muda mrefu. Baadaye alinieleza kuwa mapafu yalilia kama mtu anayekanyaga majani makavu. Akaangalia vidole vya Chensa, ncha zake zimevimba, kucha zimepinda kama mgongo wa kijiko. Ndipo akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuuliza.

"Nyumbani kwenu kuna ndege?"

"Ni wangu," akasema Salvu. "Yeye hata hawagusi."

"Nguo zako nani anafua?"

Salvu akamgeukia mkewe.

Walimpiga picha za kifua, zikaonyesha ukungu na makovu. Damu yake ilikutwa na kingamwili nyingi zinazopigana na vumbi la njiwa. Wakapitisha mrija mpaka mapafuni, wakaosha na kuchota maji, yakaja yamejaa chembe za mwili unaopigana. Daktari akasema si pumu, wala si maambukizi. Mwili wa Chensa uliyachukia mavumbi ya ndege, na kila alipoyavuta, mapafu yalivimba, yakapona nusu, yakabaki na kovu.

"Mbona mimi sikohoi?" Salvu akauliza. "Mimi ndiye ninayeshinda nao."

"Mwili wako umewavumilia, wake umewakataa. Sijui kwa nini, bwana. Ila ndege waondoke, na nyumba isafishwe yote."

Salvu hakubisha. Aliwachukua njiwa wake wote kwa gari mpaka kwa mfugaji mmoja upande wa Goulburn, akamsihi awafungie, kwa maana njiwa wa mashindano hajui nyumba mbili. Tukasugua kuta, tukatupa mazulia. Chensa akaanza vidonge vya kupunguza uvimbe, uso ukamjaa kama mkate uliochachuka, na kwa muda kidogo alipumua vizuri.

Yule mfugaji akafungua tundu mapema mno. Asubuhi moja niliwaona wamejipanga juu ya paa la banda tupu, wanatembea huku na huku, wanatafuta mlango. Chensa alikuwa dirishani.

"Salvu," aliita kwa upole. "Watoto wako wamerudi."

Mzee alitoka bila kiatu, akawaita kwa mluzi wake. Wakashuka mikononi mwake kama siku zote. Akawavunja shingo mmoja mmoja, hakuacha hata yule wa kijivu aliyewahi kumletea kombe. Kisha akavua nguo zote bombani, akazichoma, akajimwagia maji baridi, akaingia ndani uchi akitetemeka.

"Sasa utapona," akamwambia mkewe.

Chensa alimfunika blanketi. Tayari daktari alikuwa amemwambia, peke yake, kwamba kovu halirudi kuwa nyama, na kwamba laiti angeulizwa juu ya ndege miaka ile ya kikohozi cha kwanza, mapafu yangeokolewa. Hakumwambia mumewe. Aliniambia mimi.

"Asijue, shoga. Amekwisha kuua njiwa wake kwa ajili yangu. Nimwambie ni bure?"

Mwaka uliofuata alipumua kwa mashine ya oksijeni, akiwa amekaa, kwa kuwa akilala alikosa pumzi. Salvu alimlisha supu na kila siku alimwuliza kama leo ni afadhali, naye kila siku alimwambia ni afadhali. Alikufa akiwa ameshika mto kifuani, kabla ya Pasaka. Tulipotoka makaburini Salvu aliniuliza kama kuna jambo Chensa alilomficha. Nikamwambia hapana. Alinitazama, akajua, akaendelea kutembea.