Gauni Alilolitoa Ardelle

Mwaka mzima Ardelle Nodin hakucheza. Kwao mwenye msiba hukaa nje ya uwanja wa ngoma mpaka mwaka utimie, ndipo jamaa zake humwingiza tena mbele za watu. Mumewe Wendell alizikwa wakati watu wanaandaa mitumbwi ya kwenda kuvuna mpunga mwitu ziwani. Sasa majira yale yale yalikuwa yamerudi, na siku yake ilikuwa imefika.

Shida ilikuwa gauni. Baada ya mazishi waligawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi: bunduki, mablanketi, mashati. Ardelle, kwa uchungu, akawa anatoa tu. Akafungua sanduku akatoa na gauni lake mwenyewe la kuchezea, lile la vikengele vya bati alilolishona na mama yake, ambalo kwao mlio wake huaminiwa kuponya wagonjwa, akamkabidhi mwanamke mmoja aliyetoka mbali kuja kuzika. Hakuna aliyemzuia, maana anayetoa hazuiwi. Na kilichotolewa hakiombwi tena.

"Wifi, umekaa kama umepigiliwa misumari," alisema Bernice, dada yake Wendell, pale chini ya banda la matawi. "Wimbo wetu unakaribia. Nimeshawapelekea waimbaji tumbaku ya kuwaomba watuimbie."

"Nitaingiaje na sketi ya kanisani?"

"Kwa miguu. Au unataka ubebwe? Kaka yangu alijaribu siku ya harusi, mgongo wake haukupona."

Ardelle akacheka bila kutaka. "Nenda na watoto. Mimi mwakani, Mungu akipenda."

"Mwakani utasingizia goti. Halafu wanao hawaingii bila wewe, unajua. Waone walivyojipamba manyoya, wamekukodolea macho."

Aliwaona, ndiyo maana aliinamisha uso.

Mshereheshaji akawa anatania kwenye kipaza sauti kwamba mkate wa kukaanga wa kibanda cha mwisho umekauka, mwenye gari lisilo na tairi la akiba akachukue. Kisha akawaita wasichana wa vikengele. Ngoma ikapigwa, bati likaanza kulia, na Ardelle akainua kichwa. Gauni la njano, utepe wa buluu ubavuni. Ndani yake binti mwembamba, anakwenda taratibu, upepeo wa manyoya mkononi.

Machozi yalimtoka yenyewe. Wimbo ulipokwisha yule binti akaja moja kwa moja kwake.

"Shikamoo, bibi. Nimekuona unalia. Nimekosea hatua?"

"Marahaba. Hujakosea. Jina lako nani?"

"Raelynn."

"Hilo gauni umelipata wapi, mwanangu?"

"Kwa shangazi. Alipewa msibani, huku huku kwenu. Mimi nilikuwa naumwa, hata kuketi siwezi. Akalitundika mbele ya kitanda, akaniambia, ukipona utalivaa ucheze." Binti akamtazama vizuri, akashtuka. "Bibi! Ni lako?" Mikono ikaenda kwenye mkanda.

"Acha mkanda wako!" Ardelle akamshika. "Utavua nguo mbele ya watu wote hawa? Lilikuwa langu. Sasa ni lako, na limefanya kazi yake, ashukuriwe Muumba." Akapangusa uso. "Miaka yote niko ndani yake, sijawahi kulisikia nikiwa nje. Kumbe linalia vizuri hivi! Wenzangu ndio waliokuwa wanafaidi."

"Na wengine tulikuwa tunaziba masikio," Bernice akadakia, huku macho yake yamelowa.

Mshereheshaji akataja jina la Wendell. Watu wote wakasimama, kofia zikavuliwa.

Ardelle naye alisimama. Alinyoosha mkono bila kugeuka, Bernice akamwekea shali yake begani. Wanawe wakaja wakajipanga.

"Na mimi nije?" Raelynn akauliza.

"Kaa nyuma yangu. Usiruke, buruta mguu. Ardhi usiiache."

Ngoma kubwa ikapigwa. Alifika upande ule wa mashariki wanakoingilia, akamwomba Mungu kimoyomoyo, akaweka mguu. Hatua za mwanzo zilikuwa nzito. Watu wakatoka kwenye viti mmoja mmoja, wakampa mkono, wakaunga nyuma, mpaka mstari ukazunguka uwanja wote. Mgongoni kwake bati lilikuwa linalia, naye akaufuata mlio wake kwa miguu, na waimbaji walipotaka kumaliza, Bernice akawapungia mkono waanze tena.