Jibini Chungu ya Emérita

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umevilalia vilima vya Muheto, na Emérita Umugwaneza tayari anamtoa mtu jasho. Anachota maziwa kidogo kutoka bidoni, yaani dumu, ya Papa Tuyizere, anayachanganya na spiriti kwenye kikombe cha kioo, anatikisa. Maziwa yanakatika vipande vipande: yameanza kuchacha.

"Papa Tuyizere, maziwa yako iliamuka mbele yako," anasema, akimrudishia bidoni.

"Mama Emérita, ngombe iko ile ile ya jana!"

"Ngombe haina kosa. Bidoni njo haukuosha."

Foleni nzima inacheka. Papa Tuyizere naye anacheka, kwa shingo upande, maana anajua hapa hakuna rufaa.

Emérita ana miaka arobaini na mmoja. Kumi na minne kati ya hiyo ameimalizia katika kiwanda hiki kidogo cha ushirika, kinachogeuza maziwa ya familia themanini na sita kuwa jibini, au fromaji kama kila mtu anavyoiita huku Masisi, mashariki mwa Kongo. Alianza kwa kusugua sakafu na mapipa. Sasa ndiye mkuu wa chumba cha jibini, analipwa dola tisini kwa mwezi, na watoto wake watatu wanasoma kwa hizo hizo. Jibini zake hupanda pikipiki kwenda Goma, nyingine hushuka hadi Kibua, upande wa Walikale.

Kando yake, mwanamume mwembamba mwenye kofia ya sufu anaandika joto la maziwa katika daftari. Huyo ni Papa Guy, mtaalamu wa maziwa kutoka Madagaska, ambaye ushirika ulimwajiri miaka mitatu iliyopita kwa sababu moja tu: chachu.

Bila chachu hakuna jibini. Zamani ilikuja kwa pakiti kutoka ng'ambo, na pakiti hizo zinataka baridi. Kila barabara ya Goma ilipofungwa kule Mubambiro, ziliharibika njiani, na kiwanda hakikuwa na la kufanya ila kuwafungia wafugaji mlango.

"Niliona mama moja anamwanga lita makumi ine mu mufereji," Emérita anakumbuka. "Hakulia. Alifunga bidoni yake, akapanda mulima. Mi njo nililia."

Papa Guy alikuja kuwafundisha kuzalisha chachu yao wenyewe, kutokana na maziwa ya Masisi. Ni kazi ya kitaalamu hasa, yenye vipimo na subira. Chachu hiyo hulishwa maziwa kila siku, kama ndama aliyefiwa na mama. Ukikosea joto au saa, inageuka, na jibini yake inakuwa chungu.

Mwaka jana kibali chake cha kazi kilikaribia kwisha, na hapo ndipo ushirika ulipojichimbia shimo.

Mgeni hupewa kibali kwa kazi ambayo hajapatikana Mkongomani wa kuifanya. Ili kiongezwe muda, mwajiri huandika barua kueleza kwa nini bado anamhitaji. Barua iliandikwa na katibu, Papa Kanyamibwa, mfugaji mwenye mwandiko mzuri kuliko wote hapa kilimani. Sasa, katika familia za wafugaji wa hapa, mtu hasifiwi usoni. Kinasifiwa kile alichokilea. Ukitaka kumheshimu mchungaji, unazungumzia mtamba wake mpaka kunakucha. Papa Kanyamibwa akamsifu Papa Guy kwa adabu hiyo hiyo. Aliandika kwamba mwalimu huyu amefundisha vizuri mno, hata Mama Emérita sasa anafanya kazi yote bila yeye.

Faili lilirudi kutoka ofisi ya vibali Goma na mstari mmoja: kazi hii ina Mkongomani anayeiweza. Papa Guy alibakiwa na siku ishirini na moja nchini.

"Kosa haikukuwa ya ofisi," anakiri Papa Kanyamibwa, akijishika kichwa. "Mi njo nilimufukuza, na bic yangu mwenyewe, kalamu hii hii."

Kikao kiliitwa. Wazee wakaona dawa ni rahisi: Emérita aende Goma, aseme hajui kitu. Anaponisimulia hapo, sauti yake inapanda, na mkono wake unapiga meza.

"Myaka kumi na ine! Nisimame mbele ya bantu niseme siyui fromaji? Iliniuma, kaka, iliniuma sana. Lakini nikisema najua yote, Papa Guy anaenda, chachu inakufa, tunarudia kumwanga maziwa. Nikaona hapana. Nitapeleka ukweli, na nitaibeba mu kikapo."

Alibeba jibini mbili. Pale Mubambiro, askari wa kizuizini alifunua kikapu na kuomba kipande.

"Hii haiko ya kula, papa," Emérita akamwambia. "Iko document."

Askari akacheka, akamwacha apite.

Afisa aliyempokea Goma alikuwa mama wa makamo, asiyependa kupotezewa muda. Alimwuliza swali moja: "Hii kazi unaiweza, ao hauiwezi?"

Emérita akatoa kisu. Akamkatia kipande cha jibini ya kwanza, aliyoitengeneza kwa chachu ya pakiti. Afisa alikula, akaomba kingine. Akamkatia ya pili, iliyotokana na chachu aliyoilea peke yake majuma mawili, Papa Guy akiwa safarini. Afisa alikunja uso, akatafuta kitambaa cha kutemea.

"Ile ya kwanza njo naweza," Emérita akamwambia. "Hii njo bado. Mutupatie mwaka moja tu."

Afisa alikunywa maji kwanza. Kisha akasema: "Nitaomba wakupe mwaka moja. Lakini jina yako inaingia mu dossier. Mwaka ikiisha, hiyo kazi iko yako. Papa Guy hatabakia."

Faili lilisafiri Kinshasa, likarudi na kibali cha mwaka mmoja, na jina la Umugwaneza likiwa chini ya lile la mgeni.

Huu ni mwezi wa tisa wa kibali hicho. Tangu wakati huo Emérita amelea chachu yake mara tano, na mara tano jibini imetoka chungu. Mwenyewe hafichi, aliwalisha wafugaji vipande vya kila moja, nao wakamcheka hadi akacheka pamoja nao. Ya sita iko rafuni, na leo ndiyo siku ya kuikata.

Papa Guy anatoka nje. Anasema uso wake una maneno mengi, hataki usomwe. Emérita anakata, ananusa, anatia mdomoni. Anatafuna muda mrefu, macho yamefumbwa. Kisha anafungua mlango na kumpa mwalimu wake kipande. Papa Guy anakula chote, hata ganda.

"Moja haitoshi," Emérita anasema. "Nataka tatu za kufwatana. Myezi tatu njo niko nayo."

Anajua anachokifukuzia. Ya tatu ikitoka nzuri, Papa Guy anafunga mizigo, na hakuna mtu kiwandani anayependa kulizungumzia hilo. "Siku atapanda moto, pikipiki ya kwenda Goma, nitalia," anasema. "Ni mwalimu wangu. Lakini kazi itabakia hapa, na bidoni hazitamwangwa tena."

Barua ya mwisho wa mwaka, ya kuijulisha ofisi kwamba nafasi imepata mtu, tayari ameshaiagiza kwa Papa Kanyamibwa. Katibu alitaka kuandika mpya, kwa uangalifu safari hii. Emérita alimkatalia.

"Ile ya zamani iko muzuri," alimwambia. "Usiguse hata neno moja. Badilisha tarehe tu."