Kiraka Chini ya Rinda

Binti wa fundi cherehani alikuwa na siri moja tu, na siri yenyewe aliivaa. Sketi yake ya shule mama aliishona kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, na palipopungua akatia kiraka, akakificha chini ya rinda la tatu. Aliyejua ni mtu mmoja, rafiki yake wa chanda na pete, aliyezoea kusoma naye jioni chini ya meza ya kukatia nguo.

Rafiki naye alikuwa na lake: darasa zima lilimwita Meno. Basi wakaapiana kwamba atakayeitwa jina, wote wawili watasimama. Na kweli walisimama, siku baada ya siku, huku kiranja wa darasa, msichana mwenye mdomo kama nini, akiwacheka na kundi lake.

Ghafla Meno likakoma. Jumatatu likazuka jipya.

"Viraka!"

Binti akasimama. Rafiki naye akasimama, akamshika mkono, akafoka, "Mwite tena uone!" Binti alifurahi mpaka akasahau tusi lenyewe.

Kiranja akaja taratibu, akalitanua rinda la tatu kwa vidole viwili. Hakutafuta wala hakubahatisha.

Binti akamgeukia rafiki yake. Mkono ule ulikuwa umelowa jasho.

"Walisema wataacha langu," rafiki akanong'ona, macho sakafuni, "nikiwapa lako."

Iliuma, jamani. Darasa zima lingemtukana mwaka mzima asingeumia hivyo. Akauachia mkono, akalishika rinda mwenyewe, akazunguka polepole ili hata wa nyuma waone.

"Ndiyo, kiraka. Kakitia mama yangu. Nani hajaona?"

Kiranja akajitia kufuta ubao uliokuwa safi.

Nyumbani, mama alikuwa akikata nyuzi. "Sketi ya mwenzako hii, nimeipunguza kiunoni. Mbona leo hamkuja pamoja?"

"Ana kazi kwao, mama. Nipe nimpelekee."

Alimkuta mlangoni kwao, macho mekundu. Rafiki akaipokea sketi kwa mikono miwili, akaikumbatia.

"Mama umemwambia?"

"Sijamwambia," binti akasema. "Mimi siri ya mtu naitunza."